Kushindanisha watoto kila siku ya mazoezi

Wapo wanaoamini kwamba kuwashindanisha watoto wote mbio kila siku ya mazoezi kunajenga moyo wa ushindani. Hapana, hakujengi. Anayeshika mkia anazoea kushika mkia. Wapange wawili wawili wanaokaribiana uwezo, kila mmoja apimwe muda wake, wiki inayofuata ajaribu kuuvunja. Nafundisha riadha hapa Nyamagana, Mwanza, na yupo binti aliyekuwa wa mwisho daima, sasa anawahi kuchungulia daftari la muda kabla hata hajavaa raba. Mbio za kushindania nafasi weka mara mojamoja. Mwanariadha wa Tanzania Filbert Bayi aliongoza tangu mwanzo alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Ujasiri wa namna ile huandaliwa mazoezini. Ila walio chini ya miaka 10 waache wacheze tu.