Maswali ya Wasomaji: Maombi 23 na mwaliko uliopitwa na muda

SWALI: Ndugu wahariri, niko mwaka wa pili, nasoma uchumi. Tangu Agosti nimetuma maombi 23 ya mafunzo kazini kwa benki za uwekezaji: London, Johannesburg na hapa Kampala. Nimeyaorodhesha kwenye Google Sheets: jina la benki, tarehe niliyotuma, na neno "nasubiri". Juzi nimekuta mwaliko wa mtihani wa mtandaoni kwenye barua taka, muda wake umeshapita. Nirekebishe nini? – Msomaji, Wandegeya

JIBU: Pole sana. Orodha yako inaonyesha ulichokwisha kufanya, lakini haikuambii kesho asubuhi ushike lipi. Ongeza safu mbili: "hatua ijayo" na "kabla ya tarehe". Kila mstari uwe nazo zote mbili, hata pale unaposubiri tu. Hapo hatua ni "angalia akaunti na barua taka" na tarehe ni siku tatu mbele. Neno "nasubiri" likibaki peke yake, mstari huo umelala.

Safu ya tatu ihesabu siku zilizobaki. Kama tarehe yako iko F2, andika =F2-TODAY(), kisha panga jedwali kwa safu hiyo, namba ndogo juu, na chochote chini ya 3 kipate rangi nyekundu. Lakini kwanza fungua mipangilio ya faili uone jedwali limewekwa nchi gani. Likiwa Marekani, 03/11 uliyoiandika ukimaanisha Novemba 3 litaisoma Machi 11 bila kukuonya, na 16/11 halitaitambua kama tarehe kabisa, maana hakuna mwezi wa 16. Hiyo ya pili ina heri, kwa kuwa fomula italeta kosa nawe utaliona. Ile ya kwanza ndiyo inayopoteza watu. Ukiandika mwaka kwanza, 2025-11-03, utata unaisha.

Kuhusu mtihani: mwaliko mara nyingi hutumwa na mashine muda mfupi tu baada ya maombi kuingia, na anwani ya mtumaji huweza kuwa ya kampuni ya mitihani, si ya benki. Ndiyo maana ukitafuta jina la benki kwenye barua pepe huoni kitu. Tafuta pia majina ya kampuni hizo, kama SHL na HireVue, na anwani zao uzihifadhi ili barua zisitupwe pembeni. Ukiupata, ingiza siku ya kiungo kuisha saa hiyohiyo, kabla hujafunga barua. Na usiuanze jioni umeme unapochezacheza: mitihani mingi ya muda haisimamishi saa mtandao ukikatika. Betri ijae, na data ya simu iwe tayari kama akiba.

Mambo mengine mawili ya kutunza. Tangazo lihifadhi kama PDF siku unayotuma, kwa sababu likifungwa huondolewa, nawe utaulizwa kwenye usaili kuhusu kitengo kilekile ulichokiomba. Andika pia barua pepe uliyofungulia akaunti: benki nyingi hutumia Workday, mfumo wa mtandaoni wa kupokea maombi, ila kila benki inataka akaunti yake. Nywila zisikae kwenye jedwali.

SWALI: Tangazo linasema mwisho ni Novemba 16, 23:59 saa za London. Kwetu ni saa ngapi? – Msomaji, Mukono

JIBU: Saa 8:59 usiku, na kalenda ya Uganda itakuwa imeshaingia Novemba 17. Majira hayo London iko nyuma yetu kwa saa 3. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tofauti ni saa 2, kwa hiyo mwisho kama huo ungeangukia saa 7:59 usiku. Johannesburg iko nyuma saa 1 mwaka mzima. New York ni saa 8 majira yao ya baridi na 7 majira ya joto.

Hata hivyo, tunakusihi saa hizo usizitumie. Benki nyingi husoma maombi kadiri yanavyoingia na kuita watu kwenye usaili kabla dirisha halijafungwa; anayetuma usiku wa mwisho anagombea nafasi zilizosalia. Kwenye jedwali weka tarehe mbili, ya benki na ya kwako, na ya kwako itangulie kwa wiki mbili au zaidi.

SWALI: Nina wastani wa 3.9 Makerere. Fomu ya Marekani ina kisanduku cha GPA tu. Nijaze 3.9? – Msomaji, Kikoni

JIBU: Usiijaze hivyo bila kipimo. Msomaji wa huko atadhani ni 3.9 kati ya 4, na nakala ya matokeo ikija utaonekana umedanganya. Andika 3.9/5.0. Kisanduku kikikataa alama hiyo, ieleze kwenye wasifu na kwenye nafasi ya maelezo ya ziada. Kwa fomu za Uingereza, 3.60 hadi 4.39 ni daraja la pili la juu, nalo ndilo matangazo mengi ya huko hulitaja kama kiwango cha chini. Kisha tengeneza safu ya "nilichojaza". Ukitaja matokeo kwa namna tatu kwenye fomu tatu, siku ya usaili hutakumbuka ipi ulimpa nani.

SWALI: Wiki sita kimya. Niwaandikie? – Msomaji, Jinja

JIBU: Angalia akaunti kwanza, maana mara nyingine jibu hukaa humo bila barua pepe. Kama benki nyingine imekupa nafasi yenye siku ya kujibu, waandikie leo, mistari minne, utaje tarehe hiyo. Kama huna jambo kama hilo, badili hatua iwe "angalia baada ya siku 14", uendelee na wengine. Mstari usiufute: mwaka ujao utahitaji kujua walifungua mwezi gani.