Dalili za Msongo wa Mawazo: Maneno kwa Anayeanza Kazi

Kila mwaka ninapowapokea wafanyakazi wapya katika kitengo chetu, maswali yao ya kwanza huhusu kazi yenyewe: taratibu zikoje, nani anaidhinisha nini, ripoti inatakiwa lini. Ni maswali ya msingi, na majibu yake hupatikana upesi. Jambo wasiloliuliza, ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumia, ni namna ya kutambua kwamba msongo wa mawazo umeshaanza kukutawala kabla haujakuangusha. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mlio katika miezi yenu ya mwanzo, wakati bado mnakumbuka vizuri mlivyokuwa kabla ya kuingia kazini. Kumbukumbu hiyo, kama nitakavyoeleza, ndiyo kipimo bora kuliko vyote mlivyo navyo.

Katika mwaka wangu wa pili wa ukaguzi wa hesabu nilianza kuamka saa tisa usiku bila kuamshwa na kitu. Nikasema ni godoro. Wiki chache baadaye nikawa nasoma safu moja ya tarakimu mara tatu ndipo iniingie akilini, nikasema ni mwanga hafifu wa ofisi. Tumbo likaanza kunisumbua kila Jumapili jioni, nikalaumu chakula. Taya zikawa zinauma kila asubuhi, na daktari wa meno akaniambia kwamba ninasaga meno usingizini. Kila dalili niliitafutia sababu yake, na kila sababu ilionekana kuwa ya kweli, hivyo miezi minne ikapita kabla sijaziweka zote pamoja na kuuliza ni kitu gani kimoja kingeweza kuzileta.

Ili kuelewa kwa nini msongo mmoja hujitokeza sehemu zilizo mbalimbali hivyo, inafaa kujua mwili unafanya nini. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Marekani, yaani mtaalamu wa utendaji wa mwili, alieleza mwaka 1915 jinsi mnyama aliyetishwa anavyojiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu ili misuli ipate nguvu, na kazi ya kusaga chakula hupunguzwa kwa kuwa inaweza kusubiri. Tezi hizo hizo hutoa pia kotisoli, homoni ambayo kwa kawaida huwa nyingi asubuhi na kupungua kuelekea usiku, na ambayo athari zake hudumu zaidi kuliko zile za adrenalini. Utaratibu huu ni mzuri na unatusaidia hata leo. Bila huo usingeweza kuikamilisha ripoti ya dharura wala kuruka pembeni gari linapokujia. Tatizo ni kwamba uliundwa kwa ajili ya hatari inayokwisha. Mnyama akishakimbia, hupumzika, lakini mfanyakazi anayeiogopa barua pepe ya kesho asubuhi hana pa kukimbilia, na mwili wake hubaki katika hali ya tahadhari usiku kucha, tumbo likiwa limekaza, mabega yakiwa yamepanda na taya zikiwa zimebanana.

Mwaka 1936 Hans Selye, aliyekuwa akifanya utafiti mjini Montreal, alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akionyesha kwamba panya waliopatwa na madhara ya aina tofauti kabisa, kama baridi kali, majeraha na dawa za sumu, walibadilika kimwili kwa namna inayofanana. Alieleza hatua tatu: ya kushtuka, ya kuhimili, na ya kuishiwa nguvu. Ningependa muizingatie sana ile ya pili, kwa sababu ndiyo inayodanganya. Katika hatua ya kwanza kila mtu anajua kwamba ameshtuka. Moyo unamdunda na viganja vinatoka jasho. Katika hatua ya tatu watu wengine wote wanaona. Lakini katika hatua ya kuhimili mtu huonekana imara, hufika mapema, huondoka wa mwisho, na mara nyingi husifiwa. Nimewahi kumsifu mfanyakazi mpya kwa bidii yake mbele ya wenzake, kumbe wakati huo huo alikuwa anakaa ofisini hadi usiku kwa kuwa kazi ya saa mbili sasa ilimchukua saa tano. Sikulijua hilo kwa sababu niliangalia saa alizokaa, sikuangalia kilichofanyika ndani ya saa hizo. Tangu hapo, mtu anapoongeza muda wa kazi bila kazi yenyewe kuongezeka, huwa naichukua hiyo kama dalili, na nawaomba nanyi muichukue hivyo kwa nafsi zenu.

Orodha za dalili za msongo ni nyingi na zote zinafanana: maumivu ya kichwa, kukosa usingizi, hasira, kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, usahaulifu, uchovu, kiungulia, kuharisha au kufunga choo, mafua ya mara kwa mara, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa, na kwa wanawake wengine mabadiliko katika mzunguko wa hedhi. Orodha hizi ni sahihi, ila zina upungufu mmoja mkubwa: karibu kila mtu mzima atajikuta ndani yake siku yoyote ya wiki. Kinachobeba maana ni mabadiliko, yaani tofauti kati ya ulivyo sasa na ulivyozoea kuwa. Mtu ambaye tangu utotoni hulala kwa muda wa saa sita na kuamka mzima hana dalili yoyote, lakini aliyezoea kulala kwa muda wa saa nane ambaye sasa analala kwa saa sita tu kwa wiki tatu mfululizo anayo. Mkimya akiwa kimya si habari. Msemaji akinyamaza, hapo pana jambo. Hivyo swali la kujiuliza halihusu kama unayo dalili fulani. Jiulize: hili lilianza lini, na kabla ya hapo nilikuwaje?

Kwa wanaoanza kazi au masomo nimeona dalili moja ambayo orodha nyingi huisahau, nayo ni kuacha kuuliza maswali. Mgeni wa kazi huuliza sana katika wiki za mwanzo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Baadaye maswali hupungua kwa sababu ameelewa. Hilo pia ni la kawaida, na kazi yake huonyesha kwamba ameelewa. Lakini kuna anayenyamaza ghafla huku makosa yakiongezeka. Huyo mara nyingi ameshachoka kiasi kwamba kumwendea mtu na kumweleza asichokielewa kunamwonekea kazi kubwa kuliko kukosea. Pamoja na hilo huja kuahirisha jambo dogo, kama simu ya dakika mbili isiyopigwa kwa siku tano, na makosa ya aina mpya: tarehe ya jana, kiambatisho kilichosahauliwa, jina la mtu lililokosewa. Makosa ya mtu asiyejua huwa yale yale hadi afundishwe. Makosa ya aliyezidiwa huhamahama, tena huyafanya katika mambo ambayo juzi aliyaweza.

Ni vyema pia mjue kwamba mambo mema huchosha. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa kipimo cha matukio 43 ya maisha, kila tukio likiwa na alama kulingana na ukubwa wa marekebisho linayomlazimisha mtu kuyafanya. Kufiwa na mume au mke kulipewa alama 100, lakini kufunga ndoa nako kulipewa 50, kubadili aina ya kazi 36, mafanikio makubwa binafsi 28, na kuhama makazi 20. Alama hizo si utabiri, na watu hutofautiana sana katika kuyabeba mambo hayo hayo. Thamani yake ni kukufanya uhesabu. Anayeanza kazi mara nyingi amehama, ameachana na marafiki, amebadili saa za kulala na za kula, na familia yake imeanza kumtegemea, yote ndani ya miezi mitatu, halafu anajishangaa kwa nini anachoka ilhali amepata alichokuwa akikiomba. Hakuna cha kushangaza hapo, wala si utovu wa shukrani.

Madhara yake mwilini ni ya kweli na yamepimwa. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha utafiti ambamo karibu watu 400 wenye afya walitiliwa puani virusi vya mafua. Kadiri msongo wa mtu ulivyokuwa mkubwa kabla ya jaribio, ndivyo uwezekano wake wa kuugua ulivyopanda. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake waliwapa jeraha dogo sawasawa wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau na wanawake wengine wa umri wao wasiouguza, na jeraha la wale wauguzaji lilichukua takriban siku tisa zaidi kupona. Nayataja haya kwa sababu wengi bado huambiwa kwamba msongo uko kichwani tu, na baada ya kuambiwa hivyo huona haya kuusema.

Hata hivyo, msikimbilie kuuita msongo kila mnachohisi. Uchovu usiokwisha unaweza kutokana na upungufu wa damu, kisukari au matatizo ya tezi ya shingo, na moyo kwenda mbio nao una sababu nyingi. Dalili ya mwili inayodumu ipelekwe kwa daktari ichunguzwe. Maumivu ya kifua, hasa yanayosambaa hadi mkononi au tayani au yanayokuja na kukosa pumzi, ni ya kuwahishwa hospitali saa hiyo hiyo. Vilevile, huzuni au kukosa raha ya kitu chochote kwa muda wa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa wenye tiba. Ukianza kuwaza kwamba ingekuwa afadhali usiwepo, mwambie mtu leo, na utafute msaada wa mtaalamu leo; jambo hilo lisisubiri mwisho wa mwezi wa kazi nyingi.

Kuhusu hatua za kuchukua nitasema machache. Kila Ijumaa andika mistari minne: nimelalaje, nimekulaje, nimekasirika na nani, nimekosea wapi. Baada ya wiki sita utakuwa na picha yako mwenyewe, na utajua dalili yako ya kwanza ni ipi, kwa maana kila mtu ana ile inayotangulia; yangu ni kuamka saa tisa usiku. Jihadhari na vitu vinavyoificha, hasa kahawa ya jioni, pombe ya kuleta usingizi, ambao huja mapema na kukatika usiku wa manane, na simu inayoshikwa kitandani hadi macho yanajifunga. Mazoezi ya mwili, hata kutembea nusu saa, husaidia kweli.

Lakini nisingekuwa mkweli nikiwaachia ninyi mzigo wote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipoeleza uchovu wa kazi katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, liliuweka kama hali inayotokana na ajira na wala si ugonjwa, likisema kwamba unatokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haujashughulikiwa ipasavyo, na likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Kwa hiyo kuna sehemu ambayo mwajiri anapaswa kuitengeneza. Mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu hawezi kupona kwa kuvuta pumzi ndefu. Unapomwendea msimamizi wako, mpelekee kazi ulizo nazo, muda ambao kila moja inachukua, na umwombe akuambie ipi isubiri. Kwa uzoefu wangu, msimamizi anayeambiwa tu kwamba umechoka hujibu kwa pole. Akiwekewa orodha mezani hulazimika kuamua.

Kilichobaki ni namna ya kumwendea mwenzako unayemwona amebadilika. Katika ile miezi minne watu kadhaa waliniuliza kama niko salama, na wote niliwajibu kwamba niko salama, kwa sababu swali hilo lina jibu lake tayari. Mwenzangu wa meza ya jirani ndiye aliyeuliza kwa namna nyingine. Alivuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba ameona siku hizi sili naye mchana, na kwamba faili moja nimelirudisha mara mbili likiwa na kosa lile lile ambalo mimi ndiye niliyemfundisha kuliepuka, kisha akauliza, "Usiku unalala?" Alitaja alichokiona, hakunipa jina la ugonjwa, na hakuharakisha kunishauri. Nilimjibu kwamba silali. Tulikaa pale hadi walinzi wakaanza kuzima taa, na kesho yake tukaenda pamoja kwa msimamizi tukiwa na orodha ya mafaili yangu yote.