Jibu: Mke wa mfalme wa Malaysia ana kazi gani hasa?

Ndugu, umeuliza kama Raja Permaisuri Agong, yaani malkia wa Malaysia, ana madaraka au ni pambo la ikulu tu. Madaraka ya kiserikali hana. Katiba yao inampa heshima ya pili nchini baada ya mumewe, kisha inamkataza kushika wadhifa wowote wenye mshahara. Na kwa kuwa watawala tisa wa majimbo hupokezana ufalme kila miaka 5, naye huondoka muda wa mumewe ukiisha.

Lakini mtazame Tunku Azizah wa jimbo la Pahang, aliyekuwa malkia kuanzia Januari 2019 hadi Januari 2024. Kwao ni jimbo la Johor. Baba yake, Sultan Iskandar, naye aliwahi kuwa mfalme wa nchi nzima. Mama huyu alimpoteza mtoto wake wa kwanza, na baadaye akaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanandoa wanaohangaika kupata mtoto, maana matibabu yale ni ghali mno. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Amesimamia pia ufufuaji wa ufumaji wa hariri wa Pahang, na hata wafungwa wamefundishwa kufuma. Wakati wa korona aliingia jikoni mwenyewe, akawapikia wahudumu wa afya.

Halafu kuna hili: aliyempokea kiti ni wifi yake, Raja Zarith Sofiah, mke wa kaka yake Sultan Ibrahim.