Maswali ya wasomaji: Mama, hizi nyota zimetoka wapi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Tabata, Dar. Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, ndani joto halikaliki, tukatoa mkeka nje tukakaa. Mwanangu wa miaka tisa akaangalia juu akaniuliza mama, hizi nyota zimetoka wapi? Nikakosa cha kusema. Mimi nimekulia Manyoni, kule usiku anga limejaa mpaka unaona ile njia nyeupe imekatiza kutoka huku mpaka kule, yeye hajawahi kuona kitu kama hicho. Umeme uliporudi zote zikapotea, mtoto akalia. Hivi hapa mjini tunaweza kuangalia nyota bila kusubiri umeme ukatike? Na kwa nini zinapotea?
Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Mama wa watatu, barua yako nimeirudia mara tatu. Kwanza mwambie mtoto hazijatoka popote, zilikuwepo hapo hapo juu ya bati lenu kabla umeme haujakatika na usiku wa leo zipo, ni sisi tumeziwekea pazia.

Pazia lenyewe liko hivi. Taa za mjini hazimuliki chini tu, mwanga mwingi unapanda juu, kule unakutana na vumbi, moshi na huu unyevu wetu wa bahari, na hewa yenyewe nayo inautawanya, basi unaturudia kama utandu mweupe na kila nyota hafifu inamezwa humo. Hizi taa nyeupe za LED zinazoelekea kwenye bluu ndio zinaumiza zaidi, kwa sababu rangi ya bluu ndiyo hewa inaitawanya kirahisi, na ndiyo hiyo hiyo inayofanya anga la mchana liwe la bluu. Mwaka 2016 wanasayansi walitoa ramani ya dunia nzima ikaonyesha zaidi ya asilimia 80 ya watu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na mwanga, na zaidi ya theluthi moja hawawezi kabisa kuiona hiyo Njia Nyeupe yako ya Manyoni. Kwahiyo mwanao ana wenzake wengi. Tetemeko lilipopiga Los Angeles alfajiri ya Januari 17, 1994 na taa zikazimika, kuna watu wazima walipiga simu Griffith, kituo cha kuangalia nyota cha huko, kuuliza anga limekuwaje, wakaambiwa ni nyota tu.

Sasa hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Watu wengi wa mjini wanakata tamaa kwa sababu ya mwanga wa jiji zima, wakati adui wa kwanza ni ile taa moja inayokupiga usoni. Jicho likitoka kwenye mwanga linahitaji dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza, na ukichungulia simu mara moja tu unaanza upya. Mimi nakaa ghorofani, juu darini kuna tangi kubwa la maji, nasimama nyuma yake upande ambao taa za barabarani hazinifikii, najifunika kanga kichwani mpaka mabegani kama mtu anayepiga nyungu halafu naacha uwazi wa kuangalia juu tu. Dakika za mwanzo nahesabu nyota saba, nane. Nikivumilia, zinaanza kutokea katikati ya zile nilizozihesabu, moja hapa, mbili pale, mpaka hesabu inanipotea, na jiji ni lile lile na taa zake zote. Ukihitaji tochi ifunge kitambaa chekundu, mwanga mwekundu hafifu hausumbui sana jicho.

Na taa ya jirani je? Jirani yangu alikuwa na taa ya geti inamulika mpaka dirishani kwangu. Nikamwendea jioni moja nikamwambia mzee wangu naomba hii taa tuiinamishe kidogo, fundi akaja akaishusha ikaangalia chini, sasa geti lake linaonekana vizuri kuliko zamani na kwangu kuna giza. Anza na taa za kwako mwenyewe lakini, ile ya uani mnayoiacha inawaka usiku kucha bila mtu.

Cha kumwonyesha mtoto. Januari na Februari, kuanzia saa mbili usiku, tafuta nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, kwa Dar zinapita karibu na utosi kabisa, hizo hata Kariakoo zinaonekana. Upande mmoja wa mstari kuna nyota kubwa yenye wekundu inaitwa Betelgeuse, upande wa pili Rigel nyeupe yenye ubluu, muulize ipi na ipi, watoto wanapenda sana wakigundua kwamba nyota zina rangi. Ukiufuata mstari wa zile tatu kuelekea kusini-mashariki unafika kwenye nyota kali kuliko zote za usiku, Sirius. Mwanga wake unasafiri miaka 8 na miezi kadhaa mpaka utufikie, yani huo anaouona leo uliondoka kule yeye akiwa bado mtoto mchanga. Mwambie hivyo halafu mwache akae nayo.

Upande wa pili wa zile tatu, kaskazini-magharibi, kuna kifungu kidogo cha nyota kama moshi. Hicho ni Kilimia, jina limetoka kwenye kulima maana wazee walikitumia kujua msimu. Wanasema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mjini kinahitaji jicho lililozoea giza kweli kweli, usiangalie moja kwa moja, angalia pembeni yake kidogo kitajitokeza. Mei jioni geukia kusini uone Msalaba wa Kusini, zile nyota mbili kali pembeni yake ndizo zinakuonyesha, na Julai mpaka Agosti kuna kundi la nyota linaloitwa Nge, mzima na mkia wake uliopinda. Zuhura na Mshtarii hazisumbuliwi na taa yoyote, utazijua kwa sababu sayari hazipepesi kama nyota. Masika usijitese, mawingu. Ila mvua ikinyesha mchana halafu usiku pakaachia, toka haraka, hewa imeoshwa.

Njia Nyeupe hapo Tabata sitakudanganya, hamtaiona. Mpeleke Manyoni likizo ya Juni au Julai, usiku usio na mwezi.

SWALI: Niko Nairobi, Embakasi. Nimeona mtandaoni teleskopu bei nafuu imeandikwa inakuza mara 525. Nichukue?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Hapana ndugu yangu, hela yako iweke. Hiyo 525 ni namba ya kuuzia. Kwenye darubini kitu cha maana ni upana wa kioo cha mbele kinachokusanya mwanga, ukikuza sana kwa kioo kidogo unapata picha ya giza, imefifia na inatetemeka kila ukigusa. Na kwenye anga la mjini unakuza na ule utandu vilevile.

Tafuta darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo kwa milimita. Hata ya mtumba, mradi vioo havina ukungu na ukiangalia kwa macho yote mawili unaona picha moja. Egemeza viwiko kwenye ukuta, shikilia pumzi kidogo, elekeza kwenye Mshtarii, utaona vidoti viwili, vitatu, mara nyingine vinne vimejipanga pembeni yake. Ni miezi yake minne mikubwa, ile mwanasayansi Galileo aliyoiona Januari 1610 akaifuatilia usiku baada ya usiku. Rudi kesho yake saa ile ile, imehama. Mimi mara ya kwanza nilipoona imehama nilishuka chini kumwita mume wangu.

Mwezi nao usiungoje uwe mpevu, angalia ukiwa nusu, pale giza linapokutana na mwanga vivuli vya mashimo vinakuwa virefu. Jua usilielekezee kamwe, unapofuka. Nairobi Juni mpaka Agosti mawingu mengi mno, Januari na Februari ni afadhali zaidi, na ukipata usafiri njia ya Magadi kule ni kukavu na taa ni chache.

SWALI: Asalaam aleykum. Niko Muscat, babu yangu alikuwa baharia wa jahazi baina ya Sur ya huku Oman na Unguja, alikuwa akiitaja sana Suheli. Nitaiona hapa na mataa yote haya?
Mjukuu wa baharia, Muscat

JIBU: Waaleykum salaam mjukuu wa baharia. Utaiona, maana Suheli ni ya pili kwa ukali baada ya Sirius, wageni wanaiita Canopus. Na jina hilo hilo kwa Kiswahili cha zamani ni kusini, baharia akisema suheli anaweza kuwa anasema nyota au anasema upande.

Shida yako Muscat si mataa tu, huko haipandi sana. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ngumi moja ni kama digrii 10 za anga. Kwako ikifika juu kabisa haifiki ngumi moja na nusu kutoka upeo wa macho, kwahiyo tafuta pwani ambapo kusini hakuna jengo wala mlima. Mwishoni mwa Agosti inachomoza kabla ya alfajiri, na hapo Ghuba nzima mnajua joto linaanza kuvunjika. Kwa jioni ngoja Februari, kama saa tatu usiku.

Unguja inapita ngumi nne. Babu yako alipokuwa akishuka na kaskazi Desemba au Januari, kila usiku mbele yake Suheli ilikuwa juu kidogo kuliko jana.