Namba ngeni ikikupigia: jina la laini na jina la anayeongea

Ushauri wa "namba usiyoijua usiipokee" hutolewa na watu wenye mishahara. Mimi nauza vitenge na mashuka. Namba yangu iko Instagram na kwenye kila mfuko unaotoka dukani, na mteja mpya siku zote huja kama namba ngeni. Nisipopokea, atanunua kwa jirani. Kwa hiyo napokea, ila kabla ya kuongea mambo ya pesa, au kabla ya kuipigia namba iliyonikosa nikiwa kwenye daladala, nataka kujua ni nani.

Njia ya kwanza wengi mnaijua, ni menyu ya kutuma pesa. Hapa Tanzania, kwa M-Pesa ni *150*00#, kwa Airtel Money *150*60#, na mitandao mingine ni hivyohivyo. Weka ile namba, weka kiasi kidogo, elfu moja inatosha, na kabla ya kuthibitisha jina la mwenye namba litatokea. Lisome, kisha ghairi. Nenda nayo taratibu, maana mwenye haraka atajikuta amemtumia buku mtu asiyemjua, na kuirudisha ni kazi. Tarakimu za mwanzo usizitegemee sana. Tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao akabaki na namba yake, kwa hiyo 075 ya leo si lazima iwe Vodacom.

Kuna na Truecaller, programu ya Waswidi inayokuonyesha jina la anayepiga. Majina yake hayatoki kwenye usajili wa laini, yanatoka kwenye simu za watu walioruhusu majina waliyohifadhi yasomwe. Ndiyo maana unakutana na "Fundi Bomba Mbagala", "Mama Mkopo" au "Huyu Usipokee". Kusema kweli majina hayo hunisaidia kuliko la kitambulisho, kwa sababu yanaonyesha watu wanamjuaje. Lakini kwenye simu ya biashara sijaiweka. Wateja walinipa namba zao niwaletee mzigo, hawakunipa nizigawe. Nikibanwa, namwomba mdogo wangu aangalie kwenye yake.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wakishaona jina, wanaamini wamempata mtu. Jina lile ni la aliyeweka kidole wakati laini inasajiliwa. Usajili wa alama za vidole ulianza kuwa lazima 2020, na tangu hapo matapeli wanatafuta vidole vya watu wengine. Unakwenda kwa wakala wa mwavuli kusajili laini moja, anakuambia "kidole hakijasoma, bonyeza tena", unabonyeza, na kumbe hicho cha pili kimefungua laini ambayo hutaiona milele. Kwa hiyo jina la Bibi fulani ulilolisoma kwenye menyu linaweza kuwa la mama wa watu anayelima alizeti Singida, asiye na habari. Nimeona watu wanalibandika jina kama hilo kwenye magrupu ya WhatsApp na maneno "tapeli huyu hapa". Msifanye hivyo. Badala yake piga *106# uangalie ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika ikafungwe, kabla jina linalosambazwa halijawa lako.

Basi anayeongea utamjuaje? Kwa kumwacha aongee yeye. Mimi huuliza "nani mwenzangu?" halafu nanyamaza. Tapeli hapendi swali hilo. Atarudisha: "Aa, umenisahau? Yaani hata sauti huijui?" Hapo heshima zetu zinatuponza, tunaona aibu kumsahau mtu, tunaanza kubahatisha: "Ni Baraka?" Naye haraka: "Eeh, ndiye mimi!" Kuanzia hapo ni Baraka, anajua una ndugu anaitwa Baraka, na jioni Baraka atakuwa amekwama stendi na mzigo. Jibu langu ni moja: "Nimesahau kweli, nikumbushe." Wa kweli atasema tulikutana wapi, atacheka, atanitania. Wa uongo hukata, au anakuja juu.

Ile ya "mwalimu" inayowatoa wazazi jasho nayo ni hivyohivyo. "Mwanao ameanguka shuleni, ameumia kichwa, tuma hela ya matibabu haraka." Moyo unaruka, najua. Muulize, mtoto gani, yuko darasa la ngapi? Usimtajie wewe. Kisha kata, upige namba ya shule uliyonayo tangu zamani, hata kama aliyepiga anakuambia usikate. Na anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja wa mtandao wako, kwa Tanzania hao hupiga kwa 100 tu. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Safaricom hupiga kwa 0722 000 000.

Wengine si matapeli, ila hawakutafuti wewe. Kampuni za mikopo ya mtandaoni zinapiga kwa kuwa mdaiwa alikuandika bila kukuuliza. Waambie wazi hukudhamini mtu, na uwaulize leseni yao. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na kibali, hivyo swali hilo lina uzito.

Namba za nje nazipima kwa watu nilionao. +968 ni Oman na +971 ni Dubai na wenzake, nina ndugu huko, nitapiga. +371 ni Latvia, na huko sina mtu wala mteja. Simu ya hivyo ikilia mara moja ikakatika, mwache na kubipu kwake. Ukipiga, salio linaliwa na wao wanapata mgao.

Meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" na za kujiunga Freemason zipeleke 15040. Utajibiwa utume namba ya aliyekutumia.

Akikutishia au akikusumbua usiku baada ya usiku, usimwombe rafiki yako anayefanya kazi kampuni ya simu akuchunguzie kimyakimya. Sheria inamkataza kutoa taarifa za mteja, na utampotezea kazi. Usifute kitu, piga picha ya orodha ya simu zilizoingia ikionyesha saa na tarehe, nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha. Wao ndio wenye njia ya kuitaka kampuni ieleze laini ni ya nani na ilikuwa wapi ilipokupigia.