Maji ya Kuvukia Chalbi

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi Agosti mimi na wenzangu watatu tunakusudia kusafiri kutoka Marsabit hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kwa kupitia jangwa la Chalbi na vijiji vya Maikona, Kalacha na North Horr. Tutakodi Land Cruiser moja na kuiendesha wenyewe. Mwenye gari anasema hakuna haja ya kubeba maji mengi kwa kuwa njiani kuna vituo. Je, ni kweli? Na tufungashe nini? Msomaji, Nakuru.

JIBU: Ndugu msomaji, katika hilo la maji nakusihi usimsikilize. Kalacha na North Horr kuna chemchemi, na Wagabra, wafugaji wa eneo hilo, hunywesha ngamia wao huko. Lakini gari likikufia katikati ya vituo hivyo, chemchemi iliyo kilomita 30 mbele haikufai kitu. Piga hesabu kwa watu na siku: lita 6 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, siku 2 za safari na siku 3 za akiba, kwa watu 4, ni lita 120, yaani madumu 6 ya lita 20. Ongeza dumu la saba kwa ajili ya rejeta na kunawa. Usiyaweke maji yote katika pipa moja, kwani likipasuka mmekwisha. Wala msitumaini maji ya ziwa, kwa sababu yana magadi.

Mwezi mmeuchagua vizuri, maana mvua za masika zimekwisha na za vuli hazijaanza. Hata hivyo, Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na mvua ikinyesha katika milima ya Kulal, Marsabit au Huri, maji huteremkia pale. Miaka kadhaa iliyopita nilipita siku chache baada ya mvua ndogo. Uwanda ulikuwa mweupe, umepasukapasuka, ukidhani ni mkavu kabisa. Gurudumu la mbele lilipoukanyaga, ganda la chumvi, jembamba kama chapati, lilivunjika, na chini yake kulikuwa na tope jeusi linalonata. Tulichimba tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na kila tulipojaribu kuinua gari, jeki ndiyo iliyozama, mpaka tulipoikalisha juu ya kipande cha ubao. Kwa saa hizo sita tu, watu watatu tulikunywa zaidi ya nusu dumu.

Kwa hiyo bebeni ubao mnene wa kuwekea jeki, sepetu mbili, kamba imara ya kuvutia, spea mbili za matairi, vifaa vya kuziba pancha, na pampu ya upepo pamoja na kipimo chake. Kwenye mchanga punguzeni upepo wa matairi, kisha mjaze tena kabla ya kufika kwenye mawe ya volkeno karibu na Loiyangalani, kwani tairi laini hukatwa ubavu na mawe hayo. Jazeni dizeli Marsabit na mchukue ya akiba, kwa sababu mchangani gari hunywa mafuta kupita kawaida. Hema liwe na vigingi virefu. Upepo wa Loiyangalani ni mkali, na ndiyo sababu mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo ilijengwa kusini mwa mji huo.

Linalonitia hofu zaidi ya mizigo ni kwamba gari ni moja. Tafuteni wenzenu wa kuandamana nao, na mkikosa, mwajirini kijana mwenyeji wa kuwaongoza, kwa kuwa alama za magari pale Chalbi hutawanyika kila upande na mchana mazigazi huficha upeo wa macho. Mtandao wa simu hupatikana karibu na miji tu, hivyo kodini simu ya setilaiti. Waulizeni polisi wa Marsabit hali ya usalama, na mmwachie mtu saa mnayotarajia kufika. Mkikwama, msiliache gari: ndilo kivuli chenu, na ndilo linaloonekana kwa mbali.

Kabla ya kulipa, mwambieni mwenye gari ashushe spea zote mbili na ainue gari kwa jeki yake mwenyewe, nanyi mkitazama.