Viti mwendo: tairi kwanza

Mhariri, salamu kutoka Tanga. Wiki hii mmeuliza: "Je, Tanzania iombe viti mwendo zaidi kwa wahisani?" Ninavyoona, swali linalotangulia ni hili: vile vilivyokwisha kuja anavitengeneza nani, na kwa vipuri gani?

Uhaba upo, sibishi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ya 2022 inataja watu zaidi ya bilioni 2.5 wanaohitaji angalau kifaa saidizi kimoja. Lakini katika mji wa baiskeli kama huu, kiti kulala uani kwa ajili ya tairi ni jambo la kusikitisha sana.

Kuna kijana wa Ngamiani, hana hisia kuanzia kiunoni, alipewa kiti cha kukunja cha msaada. Tairi la nyuma kushoto likachanika. Ndugu zake wakanunua la baiskeli namba 24, maana na la kiti limeandikwa 24. Likakataa. Namba ya kusoma ni ile ndogo ya ubavuni: la kiti lilikuwa 37-540, yaani upana na kipenyo cha rimu kwa milimita; kipenyo cha lile la dukani kilikuwa 507. Kipenyo kimepishana milimita 33, halivaliki. Wakalilazimisha kwa bisibisi, waya wa ukingoni ukakatika. Mwishowe wakazungushia rimu vipande vya mpira na kuvikaza kwa waya. Kiti kikatembea, ila kushoto kikashuka kama sentimita mbili. Mwenye hisia angejiweka sawa. Yeye hakuhisi chochote. Uzito ukalalia kalio moja, kidonda kikatoka, akarudi kitandani.

Aliyekiokoa kiti ni fundi baiskeli wa mtaani. Alifunga rimu za 507 magurudumu yote mawili ya nyuma, zenye matundu 36 kama za awali. Spoki alizipunguza kama milimita 16 na kuzichonga upya nyuzi za kukazia nati. Kwa kuwa tairi la baiskeli ni nene zaidi, kimo kilipungua milimita chache tu, tena sawasawa pande zote. Breki ikabidi isogezwe, na rimu kutobolewa ili kufunga bomba la duara analoshika mtu kusukuma gurudumu kwa mikono. Kwenye magurudumu madogo ya mbele, beringi za saizi 608 zilikuwa zimeganda kwa chumvi na mchanga, bolti ikawa inazunguka ndani ya uma unaoshika gurudumu hadi tundu likawa kama yai. Hapo ziwekwe za 2RS, zenye kifuniko cha mpira. Kuzimwagia mafuta kila wiki hakusaidii, kunazidi kukusanya mchanga.

Nilianza kuandika nikiwa na jibu la hapana. Sasa nasema vije, kwa sababu mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kiti chenye vishikizo vya kiwiliwili vilivyopimwa kwa mwili wake, na hicho fundi baiskeli hawezi kukibuni peke yake. Ila kila shehena ije na matairi ya 540, mipira ya ndani na beringi, au tuagize viti vyenye rimu za 507. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 una hatua 8, na matengenezo na ufuatiliaji ni ya nane. Wahisani wengi huishia kwenye kukabidhi na kupiga picha. Na haya yote yanahusu magurudumu tu. Mto wa kukalia ukishabonyea hadi mifupa ikagusa kitako cha kiti, kidonda kitatoka hata tairi likiwa jipya.